Georg Friedrich Grotefend, mwalimu wa shule aliyesoma majina ya wafalme wa Uajemi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Grotefend alikuwa nani?

Georg Friedrich Grotefend alikuwa Mjerumani, msomi wa Kigiriki na Kilatini, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1775 na kufariki tarehe 15 Desemba 1853. Kazi iliyompatia riziki maisha yake yote ilikuwa ualimu wa shule: alianza mwaka 1797 akiwa mwalimu msaidizi, akastaafu mwaka 1849 akiwa mkuu wa shule, na miaka 52 ya katikati ilipita katika miji mitatu, yaani Göttingen, Frankfurt am Main na Hannover. Hata hivyo, jina lake halikubaki kwa sababu ya shule. Lilibaki kwa sababu ya kiangazi kimoja, cha mwaka 1802, ambapo kijana huyu wa miaka 27 asiyekuwa na elimu ya maana ya lugha za Mashariki alisoma majina ya wafalme wa Uajemi katika mwandiko wa kikabari, ambao kwa karne nyingi hapakuwa na mtu aliyejua kuusoma.

Alizaliwa wapi, na mtoto wa fundi viatu alifikaje chuo kikuu?

Alizaliwa Münden, mji mdogo uliopo pale ambapo mito Fulda na Werra inakutana na kuwa mto mmoja, Weser. Baba yake alikuwa fundi viatu. Alisoma kwanza mjini kwao, kisha katika shule ya bweni ya Ilfeld, iliyokuwa na sifa ya kuwaandaa vijana kwa masomo ya juu, na mwaka 1795 akaingia Chuo Kikuu cha Göttingen kusoma teolojia na filolojia, yaani elimu ya lugha na maandishi ya kale.

Huko alikutana na Christian Gottlob Heyne, profesa wa Kigiriki na Kilatini ambaye pia alisimamia maktaba ya chuo. Heyne mwenyewe alikuwa mtoto wa mfumaji maskini wa Chemnitz, na alijua njaa ya mwanafunzi ni kitu gani. Ndiye aliyempendekeza Grotefend kwa nafasi ya mwalimu msaidizi katika shule ya mji wa Göttingen mwaka 1797. Alimfahamu pia mwanahistoria Arnold Heeren, mkwe wa Heyne, pamoja na Thomas Christian Tychsen, profesa wa lugha za Mashariki. Msomaji ayashike majina haya mawili, kwa kuwa yatarudi, na bila watu hao wawili huenda ugunduzi wa Grotefend ungebaki ndani ya saraka ya meza.

Je, kabla ya 1802 alikuwa ameonyesha dalili yoyote ya kupenda maandishi ya mafumbo?

Ndiyo. Mwaka 1799 alichapisha kijitabu cha Kilatini kiitwacho De pasigraphia, kuhusu wazo la mwandiko mmoja ambao watu wa mataifa yote wangeweza kuusoma kila mmoja kwa lugha yake. Wazo lenyewe lilikuwa likijadiliwa sana wakati huo na halikuzaa matunda, lakini linatuonyesha kijana aliyekuwa tayari akijiuliza alama hufanyaje kazi hata pale lugha inapokuwa haijulikani.

Mwandiko wa kikabari ni upi, na watu walikuwa wamefika wapi kabla yake?

Ni mwandiko ambao kila alama yake imejengwa kwa vichoro vyenye umbo la kabari, vilivyogandamizwa katika udongo mbichi au kuchongwa katika jiwe. Ulianzia Mesopotamia, na baadaye Waajemi wa kale wakajitengenezea mwandiko wao wenyewe kwa kufuata umbo hilo.

Wazungu waliufahamu hasa kupitia magofu ya Persepolis, karibu na Shiraz. Mtu aliyewaletea nakala za kuaminika ni Carsten Niebuhr, mpima ardhi wa msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark mwaka 1761. Wenzake wote watano walikufa njiani kwa maradhi. Yeye akabaki peke yake, akatoka Bombay, akapitia Maskati, na Machi 1765 akafika Persepolis, ambako alinakili maandishi alama kwa alama. Nakala zake zilichapishwa mwaka 1778. Niebuhr aligundua kwamba maandishi hayo yameandikwa kwa miandiko mitatu tofauti iliyokaa pamoja, kwamba ule mwepesi kuliko yote una alama 42 tu kwa hesabu yake, na kwamba husomwa kutoka kushoto kwenda kulia.

Mwishoni mwa karne ya 18, Oluf Gerhard Tychsen wa Rostock (ambaye si yule Tychsen wa Göttingen, na vitabu vingi huwachanganya) pamoja na Friedrich Münter wa Copenhagen walitambua kwamba kabari moja iliyolala mshazari hutenganisha neno na neno. Münter aliongeza mambo mawili ya thamani: kwamba maandishi haya ni ya wafalme wa ukoo wa Akaemeni, uliotawala Uajemi ya kale, na kwamba neno moja lililokuwa likijirudia mara kwa mara huenda ndilo neno la "mfalme". Zaidi ya hapo hakuweza kusogea. Ni haki kumtaja, kwa sababu hadithi ya Grotefend husimuliwa mara nyingi kana kwamba alianza na ukuta mtupu.

Je, ni kweli kwamba jambo zima lilianza kwa dau?

Ndivyo inavyosimuliwa, na habari hiyo inatokana na Grotefend mwenyewe. Katika matembezi na rafiki yake Fiorillo, aliyekuwa karani wa maktaba ya chuo, walibishana kama mtu anaweza kufahamu maana ya maandishi ambayo hajui alfabeti yake wala lugha yake. Grotefend alisema inawezekana. Fiorillo akamwambia basi athibitishe, na akamsaidia kupata vitabu vya maktaba vilivyohitajika. Mwalimu akashika kazi, na katika muda wa wiki chache akawa na jibu.

Alisomaje kitu ambacho hakijui?

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu uzuri wa kazi yake umo katika hatua zake.

Alichagua maandishi mawili mafupi kutoka katika nakala za Niebuhr, yale yaliyopewa herufi B na G, yaliyofanana sana mpangilio wake. Kisha akachukua kazi ya Mfaransa Silvestre de Sacy, ambaye mwaka 1793 alikuwa amechapisha usomaji wa maandishi ya wafalme wa Kisasani, watawala wa Uajemi wa karne nyingi baadaye. Wafalme hao walijitambulisha kwa kanuni isiyobadilika: fulani, mfalme mkuu, mfalme wa wafalme, mwana wa fulani. Grotefend alikisia kwamba kanuni hiyo haikuzuliwa na Wasasani bali waliirithi, na kwa hiyo akaitandaza juu ya maandishi ya Persepolis kama mshonaji anavyotandaza ruwaza juu ya kitambaa. Ikakaa. Neno la kwanza lilikuwa jina. La pili lilikuwa lile lile la Münter, lenye alama saba. La tatu lingekuwa "mkuu". Kisha "mfalme" tena, na mara baada yake neno hilo hilo likiwa limerefushwa mwishoni, ambalo bila shaka ni "wa wafalme".

Akaona jambo ambalo wengine walikuwa wamelitazama bila kuliona. Jina lililofungua maandishi B lilionekana tena ndani ya maandishi G, likiwa limebadilika kidogo tu, mahali pa jina la baba, na likifuatwa na neno "mfalme". Lakini katika B, jina la baba halikufuatwa na neno "mfalme" hata kidogo. Maana yake ni kwamba mbele yake palikuwa na babu, mwana na mjukuu: mwana alikuwa mfalme, mjukuu alikuwa mfalme, ila babu hakuwa mfalme.

Kuanzia hapo hakuhitaji tena lugha za Mashariki. Alihitaji Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, na Herodoto alikuwa kitabu alichokijua mwalimu yeyote wa Kigiriki. Katika ukoo wa Akaemeni, mtawala ambaye baba yake hakuwa mfalme na mwanawe akamrithi ni Dario, mwana wa Histaspi, baba wa Kserkse.

Kwa nini hakudhani ni Koreshi?

Alimfikiria, kisha akamwondoa kwa sababu zilizokuwa wazi juu ya karatasi. Koreshi na mwanawe Kambise wangekuwa na majina yanayoanza kwa alama moja, ilhali majina mawili ya wafalme katika nakala zake yalianza kwa alama tofauti. Tena baba yake Koreshi naye aliitwa Kambise, kwa hiyo jina la babu na la mjukuu lingekuwa moja, na halikuwa hivyo. Artashasta naye alikuwa na jina refu mno kwa nafasi iliyokuwepo.

Wasomaji wa Biblia wanawajua watu hawa kwa majina haya haya. Kserkse ndiye Ahasuero wa kitabu cha Esta, anayetajwa kuwa alitawala tangu Bara Hindi hadi Kushi. Mtu akisikia "Kserkse" na "Ahasuero" hawezi kuamini kwamba ni jina moja, lakini Waebrania walikuwa wamehifadhi konsonanti za Kiajemi vizuri kuliko Wagiriki, na Grotefend alifahamu kwamba maumbo ya Kigiriki hayawezi kupachikwa yalivyo. Alitafuta maumbo ya Kiajemi yenyewe, hasa katika tafsiri ya Avesta, kitabu kitakatifu cha Wazoroasta, iliyochapishwa na Anquetil-Duperron mwaka 1771, na humo akamkuta Histaspi akiitwa Gushtasp au kwa namna zinazokaribiana na hiyo.

Je, tunaweza kuona majina yenyewe yalivyopangwa?

Ndiyo, na ni vyema kuyaona. Jina la Dario katika maandishi B lina alama saba, na Grotefend alizisoma d, a, r, h, e, u, sh. Jina la Kserkse nalo lina alama saba, naye akazisoma kh, sh, h, a, r, sh, a. Sasa msomaji alinganishe. Alama aliyoiita "a" ni ya pili katika jina la Dario, na katika jina la Kserkse ni ya nne na ya saba. "R" ni ya tatu huku na ya tano kule. "Sh" ni ya mwisho huku, na kule ni ya pili na ya sita. Alama nne zinashirikiwa na majina mawili, na kila moja inaangukia mahali inapotakiwa. Kama makisio yangekuwa mabaya, zingegongana mara moja. Pamoja na hayo, neno "mfalme" linaanza na alama mbili zile zile zinazoanza jina la Kserkse, "kh" na "sh".

Jina la Histaspi likaongeza "t", "s" na "p". Ukihesabu alama za majina haya matatu ambazo thamani yake inakubaliwa hadi leo, yaani d, a, r, u, sh, kh, t, s na p, utapata tisa. Si nyingi kwa mwandiko wenye alama zaidi ya 30, lakini ni ufunguo ulioingia kwenye kufuli.

Neno hilo la "mfalme" lina uhusiano wowote na Kiswahili?

Lina uhusiano wa mbali lakini wa kweli. Katika Kiajemi cha Kale neno hilo ni khshayathiya. Kwa kupita kwa karne nyingi lilifupika hata likawa shah katika Kiajemi cha baadaye, na ndilo hilo lililofika kwetu kama shaha, ambalo wachezaji wa sataranji wanalijua, na ambalo washairi wetu humpa bingwa wao wanapomwita shaha wa malenga.

Alikosea wapi?

Alikosea mahali pengi, na kuyaficha makosa hayo si kumtendea haki.

Kwanza, alidhani mwandiko huu ni alfabeti kamili, alama moja kwa sauti moja. Kwa kweli alama nyingi za mwandiko wa Kiajemi cha Kale hubeba konsonanti pamoja na irabu yake, na ndiyo maana majina aliyoyasoma yana sura ya ajabu kidogo: alisoma "Darheush" ilhali ni Darayavaush. Alama aliyoiita "h" ni "ya", na ile aliyoiita "e" ni "va". Mwanzo wa jina la Histaspi aliusoma "go", kwa kuifuata Avesta ya Anquetil-Duperron, ilhali ni "vi": Vishtaspa. Neno la "mkuu", ambalo ni vazraka, halikumkalia kabisa.

Pili, na hili ndilo zito, baada ya majina hakuwa na pa kwenda. Kupachika majina kunahitaji akili ya mafumbo. Kusoma sentensi kunahitaji lugha, na lugha jamaa za Kiajemi cha Kale, yaani Kisanskriti na lugha ya Avesta, hakuzimudu. Mimi naona kwamba kutokuwa mtaalamu wa Mashariki kulimsaidia kwanza kisha kukamfunga. Wataalamu waliokuwepo walianza kwa kukisia sauti kutokana na Kiebrania au Kiarabu na wakapotea. Yeye alianza kwa mpangilio wa maneno, kama anavyofanya mwalimu wa Kilatini anapomwambia mwanafunzi aache kubahatisha maana na atafute kwanza kiima kiko wapi. Mpangilio ulipokwisha, naye akaishiwa, na maandishi yake ya miaka ya baadaye kuhusu mwandiko wa Babeli, ingawa yana mambo mazuri, hayana tena wepesi wa kiangazi kile.

Kwa nini ugunduzi wake haukuchapishwa wote?

Tarehe 4 Septemba 1802 taarifa yake iliwasilishwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Göttingen. Yeye hakuwa mwanachama, kwa hiyo aliyeiwasilisha ni Thomas Christian Tychsen. Siku chache baadaye gazeti la kitaalamu la mjini lilitoa muhtasari, lakini Jumuiya haikuchapisha maandishi kamili. Husemwa mara nyingi kwamba mabwana wakubwa walimdharau mwalimu wa shule asiye mtaalamu wa Mashariki. Penye ukweli hapaachi kuwa na chumvi: de Sacy huko Paris aliandika barua ndefu kuhusu kazi hiyo mwaka uliofuata, na Heeren alimpa Grotefend nafasi ya kueleza mbinu yake kama nyongeza katika chapa ya 1805 ya kitabu chake kikubwa kuhusu siasa na biashara za mataifa ya kale. Kupitia kitabu hicho Ulaya ikapata habari.

Maandishi ya awali ya Kilatini yalichapishwa yote na Wilhelm Meyer huko huko Göttingen mwaka 1893, miaka 91 baada ya kuwasilishwa na miaka 40 baada ya mwandishi kufariki.

Ilijulikanaje kwamba hakuwa amebahatisha?

Ushahidi wa kupendeza ulitoka Misri. Jijini Paris palikuwa na chombo cha mawe kilichokuwa mali ya Comte de Caylus, chenye maandishi ya hieroglifi, yaani mwandiko wa picha wa Misri ya kale, pamoja na ya kikabari. Champollion alipofungua siri ya hieroglifi, alisoma juu ya chombo hicho jina la Kserkse, na neno la kikabari lililokuwa pembeni yake lilikuwa ni lile lile ambalo Grotefend alikuwa amelisoma Kserkse miaka 20 kabla. Watu wawili waliotoka pande mbili tofauti walikuwa wamefika mlango mmoja.

Baada ya hapo kazi ilienda kwa wataalamu wa lugha. Rasmus Rask wa Denmark alionyesha mwaka 1826 jinsi ya kusoma mwisho wa neno "wa wafalme", na hivyo akapata sauti za "n" na "m". Mwaka 1836 Eugène Burnouf huko Paris na Christian Lassen huko Bonn, waliokijua Kisanskriti, walisoma karibu alama zote zilizobaki. Mwingereza Henry Rawlinson, aliyenakili maandishi makubwa ya Dario juu ya mwamba wa Behistun, alichapisha usomaji wake wa sehemu ya Kiajemi kuanzia 1846. Grotefend aliishi kuyaona yote haya, akiwa Hannover, akiendesha shule.

Maisha yake ya ualimu yalikuwaje?

Mwaka 1803 aliondoka Göttingen na kwenda gimnazia ya Frankfurt, yaani shule ya sekondari ya Kijerumani ambayo uti wa mgongo wake ulikuwa Kilatini na Kigiriki. Alianza kama prorekta, na mwaka 1806 akapandishwa kuwa konrekta, vyeo vilivyomweka karibu na mkuu wa shule. Mwaka 1817 alianzisha huko jumuiya ya wasomi wa lugha ya Kijerumani, jambo ambalo kwa mwalimu wa Kilatini halikuwa la kawaida sana. Mwaka 1821 aliitwa Hannover kuwa mkuu wa Liseo, gimnazia ya mji huo, akakaa katika kiti hicho miaka 28.

Msomaji wa leo huuliza kwa nini hakuwa profesa wa chuo kikuu, kana kwamba alikosa kitu. Katika Ujerumani ya wakati ule mpaka kati ya gimnazia na chuo kikuu haukuwa mrefu kama tunavyoudhania. Walimu wa gimnazia waliandika vitabu vya kitaalamu, na taarifa za mwaka za shule mara nyingi zilibeba makala ya utafiti ya mmoja wa walimu. Chini ya Grotefend pale Hannover alifundisha Raphael Kühner, ambaye sarufi yake kubwa ya Kigiriki, iliyoanza kutoka mwaka 1834, ilihaririwa upya na wengine na inaendelea kutumiwa na wasomi hadi leo.

Aliandika vitabu gani vya shule?

Kilichosambaa zaidi ni sarufi ya Kilatini ya Helfrich Bernhard Wenck, ambayo Grotefend aliifanyia marekebisho makubwa na kuitoa kwa mabuku mawili mwaka 1823 na 1824.

Nasikia pia alishughulikia lugha za Italia ya kale. Ni zipi?

Ni Kiumbria na Kioska, lugha zilizozungumzwa Italia kabla ya Kilatini kuzimeza. Kiumbria tunakijua hasa kutokana na vibao saba vya shaba nyeusi vilivyopatikana Gubbio katika karne ya 15, vyenye maelekezo ya ibada na sadaka. Kati ya 1835 na 1838 Grotefend alitoa misingi ya Kiumbria katika sehemu nane, na mwaka 1839 akafuatisha misingi ya Kioska. Halafu akaandika kuhusu jiografia na historia ya Italia ya kale, mfululizo uliotoka 1840 hadi 1842. Kazi ya Kiumbria ilipitwa upesi na ile ya Aufrecht na Kirchhoff ya 1849 hadi 1851, lakini ukiitazama unamwona mtu yule yule wa 1802: anatafuta kanuni zinazojirudia, anazipanga kando kwa kando, kisha anauliza ni nini kinachobadilika.

Je, ni kweli aliwahi kudanganywa na hati ya uongo?

Ni kweli, na kisa hiki kingestahili kujulikana zaidi. Mwaka 1836 kijana mmoja wa Bremen, Friedrich Wagenfeld, alidai kwamba imepatikana katika nyumba ya watawa huko Ureno hati kamili ya historia ya Wafoinike iliyohusishwa na mwandishi wa kale Sankuniathoni, kwa tafsiri ya Kigiriki ya Philo wa Byblos. Vipande tu vya kitabu hicho vilikuwa vimesalia, kwa kuwa Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa la kale, alivinukuu. Muhtasari wa hati hiyo ukachapishwa Hannover, na dibaji yake iliandikwa na Grotefend, aliyekuwa na umri wa miaka 61 na jina kubwa.

Hati haikuwepo. Wagenfeld, ambaye Kigiriki alikijua vizuri, alikuwa ameitunga. Mtu aliyesimama hadharani mwaka ule ule kuuchambua udanganyifu huo kwa kutumia barua zilizoandikwa kuhusu hati hiyo alikuwa Karl Ludwig Grotefend, mtoto wa Grotefend mwenyewe. Sijui kama kuna mtihani mgumu zaidi kwa baba msomi kuliko huo. Waliochekelea walisahau kwamba mtu aliyeweka dau juu ya jambo lililoonekana haliwezekani, akalishinda, ana sababu kuliko wengine ya kuamini kwamba vitu vilivyopotea hupatikana.

Kuna Grotefend wengi katika katalogi za maktaba. Nitawatofautishaje?

Karl Ludwig, aliyetajwa hapo juu, alizaliwa 1807 na kufariki 1874. Alikuwa mtaalamu wa sarafu na historia, na aliandika kuhusu sarafu za wafalme wa Baktria. Mtoto wake Hermann, aliyeishi 1845 hadi 1931, ndiye mwandishi wa kitabu cha kukokotoa tarehe za Zama za Kati ambacho kila anayefanya kazi katika nyaraka za Ujerumani anacho karibu. August Grotefend, jamaa wa ukoo huo huo, naye alikuwa mwalimu na aliandika sarufi ya Kilatini, kwa hiyo ukikuta sarufi yenye jina hilo tu, tazama herufi za kwanza kabla ya kunukuu. Gimnazia ya Münden inayoitwa Grotefend imepewa jina la Georg Friedrich.

Maandishi aliyoyasoma yako wapi leo?

Yapo pale pale Persepolis. Maandishi B yamechongwa kwenye mlango wa jumba la Dario, juu ya sanamu ya mfalme anayefuatwa na watumishi wake, kwa lugha tatu: Kiajemi cha Kale, Kielamu na Kibabeli. Baada ya jina, vyeo na jina la baba, yanamalizika kwa kusema kwamba Dario ndiye aliyeijenga tachara hii, na neno hilo la tachara, ambalo ndilo jina la jumba lenyewe, lilisomwa sawasawa na watu waliokuja baada ya Grotefend.